Nina ndoo ya sarafu zenye thamani ya 610,600/=; nitapata wapi noti hapa Dodoma bila kukatwa?

Mama Barafu

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenyeji wa Dodoma, hasa wale wanaoshika fedha za rejareja kila siku, kwa sababu jambo lenyewe linaonekana dogo lakini limenisumbua kwa wiki mbili sasa.

Mimi ninauza barafu za ukwaju na za maziwa, pamoja na ubuyu na visheti, nje ya shule ya msingi huku Nkuhungu. Wateja wangu karibu wote ni watoto, na mtoto wa shule hana noti. Analeta hamsini, mia au mia mbili, na siku ambayo mjomba wake amewatembelea analeta mia tano. Noti chache ninazopata huishia palepale kwenye sukari na vifuko. Sarafu nimekuwa nikizitupia katika ndoo ya rangi ya lita 20 iliyo chini ya kitanda, nikijiambia kwamba siku itakapojaa nitanunua friji la kugandishia lililo kubwa kuliko hili nililo nalo. Haikujaa, lakini ilifika mahali ambapo mimi na binti yangu hatukuweza tena kuisogeza ili tufagie, basi tukaimwaga kwenye mkeka na kuanza kuhesabu.

Kazi hiyo ilituchukua usiku wa siku mbili. Tulizipanga kumi kumi hadi mkeka ukajaa vinara, paka akapita katikati yake mara moja na tukarudia safu nzima. Sarafu za 500 zilikuwa 318, za 200 zilikuwa 1,140, za 100 zilikuwa 1,865 na za 50 zilikuwa 742, na jumla yake ni shilingi 610,600. Chini kabisa tulikuta sarafu 9 za shilingi 20, zile zenye tembo, ambazo bila shaka niliuziwa mbuzi kwenye gunia na mtoto fulani wakati wa vurugu za mapumziko, pamoja na noti 3 za shilingi 500 zilizokunjwa hadi zikawa ndogo kama tiketi.

Jumatatu iliyofuata, ambayo ilikuwa mwisho wa mwezi, nilikodi bajaji nikapeleka mzigo huo katika tawi la benki moja hapa mjini. Nilipanga foleni kwa zaidi ya saa moja, nikafika dirishani, na dada aliyekuwa akihudumia akaitazama ndoo, akatazama watu waliokuwa nyuma yangu, kisha akaniambia kwa upole kwamba nirudi siku nyingine nikiwa nimezitenganisha na kuzifunga. Sikumlaumu sana, kwa sababu mzee aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameshaanza kuguna kabla hata sijafungua mfuniko.

Nilipokuwa nikirudi nilipitia stendi ya daladala, na huko kijana mmoja alinifuata akasema kwamba yeye ndiyo kazi yake. Alichungulia ndani ya ndoo, akaingiza mkono na kuchota kidogo, halafu akasema atanipa 550,000 taslimu kwa mzigo wote, kwa maelezo kwamba sarafu ni nzito, zinachosha kuhesabu na yeye ndiye atakayehangaika nazo. Nikipiga hesabu, ananikata 60,600, ambazo ni barafu 606 za shilingi mia mia. Nilimwambia nitafikiri, naye akasema nifikiri haraka kwa sababu bei hiyo ni ya leo tu.

Ninachouliza ni hiki: je, ni kawaida mwenye sarafu kukatwa namna hiyo ili apewe noti, au nilikuwa ninapimwa akili? Na hizi za ishirini pamoja na noti za mia tano, zina kazi yoyote?

Konda Mstaafu

Dada yangu, usimpe. Nimesimama mlangoni mwa daladala kwa miaka tisa katika njia za hapa mjini, na ninachoweza kukuambia ni kwamba kijana huyo alikuwa anataka kula pande zote mbili za mkate.

Stendini kweli kuna watu wanaoishi kwa kuuza chenji, lakini anayelipia ni yule anayeitafuta, yaani konda, wala si yule aliye nayo. Sisi tulikuwa tunatoa noti ya 10,000 na kupewa sarafu za 9,500, na Jumatatu asubuhi, wakati kila abiria ametoka nyumbani na noti ya wikiendi, wengine walikuwa wanatoa 9,000 na tunapokea bila kubishana. Sasa chukua hesabu yako. Angekupa wewe 550,000, kisha angezigawa hizo sarafu zako za 610,600 kwa bei ya 9,500 kwa kila elfu kumi, angekusanya zaidi ya 640,000. Faida ya elfu tisini na kitu, kwa kazi ya kukaa kwenye benchi na kopo, wakati wewe umesimama juani mwaka mzima.

Watu wengi hawaelewi kwa nini konda ana njaa ya chenji kiasi hicho, kwa hiyo niruhusuni nieleze. Zamani nauli ya safari fupi ilipokuwa 500, abiria akitoa elfu moja unamrudishia jero moja na mambo yamekwisha, na kama huna unawaunganisha abiria wawili, unawapa noti moja ya elfu na kuwaambia wakishuka wakagawane. Walinung'unika, lakini ilikuwa inawezekana. LATRA, mamlaka inayopanga nauli, ilipopandisha nauli hiyo kuwa 600 mwezi Desemba 2023, kila mwenye noti ya elfu akawa anakudai 400, na mia nne haina sarafu yake. Lazima uwe na sarafu mbili za mia mbili, au moja ya mia mbili na mbili za mia. Ukitaka kuwaunganisha abiria kwa noti bila kubakiza kitu, unahitaji watu watano wagawane elfu mbili, na hakuna binadamu anayeweza kuwashusha watu watano kituo kimoja na kuwaambia wakatafute chenji pamoja. Gari ikiwa na abiria 12 waliotoa noti za elfu, unahitaji sarafu za 4,800 kwa safari hiyo moja, na kabla ya jua kuwaka vizuri umeshapiga safari tatu.

Kinachotuokoa kidogo ni wanafunzi, kwa sababu nauli yao ni 200 na wengi wanakuja nayo kamili. Lakini wanafunzi ni asubuhi na jioni tu, na wakifunga shule chanzo hicho nacho kinakauka.

Kwa hiyo wewe, dada, hukubeba taka kwenye hiyo ndoo, ulibeba bidhaa. Fika stendini saa kumi na moja alfajiri kabla magari hayajaanza kutoka, usibebe zote, beba mifuko kumi tu ya mia mbili na kumi ya mia, kila mfuko sarafu 50. Mfuko wa mia mbili una 10,000, mfuko wa mia una 5,000; konda anakupa noti moja, mnahesabiana, mnaachana. Usihangaike na hamsini stendini kwa sababu nauli haziishii na hamsini, watakurudishia. Na usikubali kuhesabiwa na mtu mwingine pembeni, hata kama anajitolea kwa tabasamu. Hesabuni wewe na huyo mnayebadilishana, basi.

Mwalimu wa Kondoa

Mbukwenyi, wanajukwaa. Ninakubaliana na Konda Mstaafu kwamba mama asikatwe, lakini ninaona tumeruka jambo moja. Kwa sisi Waislamu, kubadilisha shilingi kwa shilingi huku upande mmoja ukizidi ni suala zito, kwa kuwa mafundisho yaliyokuja kuhusu dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha ni kwamba ziwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na wanazuoni wengi wa zama hizi wanazihesabu noti na sarafu za nchi moja katika hukumu hiyohiyo. Elfu kumi ya karatasi kwa elfu tisa na mia tano ya chuma ni ziada, hata kama ile ziada imepewa jina la chenji. Kwa hiyo yule kijana amekosea, na wale wanaowauzia makonda nao wamekosea, na sipendi mama ashauriwe kutoka shimo moja na kuingia jingine.

Nitoe mfano wa jambo linalofanyika bila mtu kuumia. Msikitini kwetu sanduku hufunguliwa Ijumaa baada ya swala, na zaidi ya nusu ya kilichomo ni sarafu. Wenye maduka ya jirani wanajua siku hiyo, wanakuja na noti zao, wanachukua mia mia na mia mbili mbili kwa thamani ileile, na hesabu inafungwa kabla ya alasiri. Msikiti unapata noti, duka linapata chenji ya wiki nzima, na hakuna aliyepunguziwa hata hamsini.

Konda Mstaafu

Mwalimu, nimekusoma na ninakuheshimu, na mimi mwenyewe ni mtu wa kigango, kwa hiyo najua sadaka ya Jumapili nayo inavyokuwa na kelele kikapuni. Lakini yule anayeamka saa tisa usiku kuzunguka kwenye maduka akikusanya sarafu, akazihesabu, akazifunga na kuzileta stendini, naye ana jasho lake, na mia tano ninayompa mimi nilikuwa naiona kama ujira wa miguu yake. Tusibishane sana hapa. Ninachosema ni kwamba mama akienda stendini na kubadilisha sawa kwa sawa, makonda watamshukuru hadi wamjue kwa jina.

Mwalimu wa Kondoa

Ujira ukitajwa mbali na ukalipwa mbali, hapo tunaweza kuzungumza. Ukichanganywa ndani ya mabadilishano yenyewe ndipo tatizo linapoanzia. Nami ninaishia hapo.

Keshia wa Zamani

Mama, shikamoo. Nilifanya kazi dirishani kwa miaka sita kabla ya kuhama fani, na ningependa kukueleza kile ambacho dada yule hakupata nafasi ya kukueleza, kwa sababu mwisho wa mwezi hata mate hatukuwa na muda wa kumeza.

Mashine ya kuhesabia iliyo karibu na kila mtoa huduma ni ya noti. Sarafu zinahesabiwa kwa mikono, na yule anayezipokea anawajibika kwa kila moja, kiasi kwamba jioni ikikosekana mia mbili anaitafuta chini ya meza kabla ya kuruhusiwa kufunga hesabu. Sasa mtu anapokuja na sarafu zaidi ya elfu nne zilizochanganyika, siyo kwamba fedha yake haithaminiwi. Ni kwamba dirisha hilo litasimama kwa saa nzima au zaidi, na wale waliosubiri mishahara watalia. Sarafu zilezile zikija zimetenganishwa, kila kifuko cha nailoni kinachoonyesha ndani kikiwa na sarafu 100 za aina moja na kikaratasi chenye idadi, mtoa huduma anamwaga, anahesabu haraka, anafunga tena, na anazitumia palepale kuwapa wafanyabiashara wanaokuja kuomba chenji. Wapo, na wengi wao ni wenye vituo vya mafuta na maduka makubwa. Nenda katikati ya mwezi, Jumanne au Jumatano, asubuhi mara tu milango inapofunguliwa, na kabla ya kupanga foleni muulize mlinzi akuonyeshe msimamizi wa madirisha ili umweleze umekuja na nini. Kama una akaunti, omba kuweka badala ya kubadilisha, kisha utoe unapohitaji. Ulizia mapema kama tawi hilo lina ada ya kupokea sarafu nyingi kwa siku moja, ili usishtukie ukiwa umeshamwaga kila kitu.

Katika kutenganisha, usitumie macho peke yake, yatachoka. Ya hamsini ina pembe saba na vidole vinaitambua gizani; nyuma yake kuna kifaru na mtoto wake. Mia ina swala, mia mbili ina simba, mia tano ina nyati na ndiyo nzito kuliko hizo tatu, karibu gramu tisa na nusu. Mwambie binti yako azipange zile 318 za mia tano kwenye mzani wa dukani: zikija kama kilo tatu, hesabu yenu iko sawa. Mizani haitakupa jibu la sarafu moja moja, lakini itakuambia kama mmeruka kinara kizima.

Kuhusu noti zako 3 za mia tano, pole sana. Sarafu ya 500 ilitolewa mwaka 2014 kwa sababu noti ya thamani hiyo ilikuwa inapita mikononi mwa watu wengi mno na kuchakaa upesi, na kwa miaka kadhaa vyote viwili vilitumika pamoja. Kisha Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza kuziondoa noti za zamani kwenye mzunguko, zile za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, na kipindi cha kuzibadilisha kilikuwa kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si fedha halali tena, hata kama zingekuwa mpya kabisa. Tangazo hilo lilihusu noti tu, sarafu hazikuguswa. Lakini hizo za ishirini, hata kama hazikutajwa, jaribu kumpa muuza nyanya wa Majengo uone atakavyokutazama.

Mangi wa Mtaa wa Pili

Mama Barafu, ninaomba nikuulize swali moja: kwa nini ulibeba ndoo hadi mjini ilhali wenye maduka tumejaa mtaani kwako?

Mimi nina duka la rejareja na pembeni ni wakala wa fedha za simu. Kila siku kuanzia saa moja asubuhi ninagombana na wateja kuhusu chenji. Mtu anakuja na elfu kumi, anataka sabuni ya kipande na kiberiti, na mimi droo yangu ina noti tupu. Ndipo mnapotuona tunawapa pipi badala ya mia na kutuita wezi. Si wizi, ndugu zangu, ni kwamba pipi tunayo na mia hatuna, ingawa nakiri kuna wenzetu wameifanya kuwa mtindo na wanafurahia kuuza pipi mbili ambazo hakuna aliyeziomba. Mteja mmoja aliwahi kunikusanyia pipi zangu mwenyewe, zikafika kumi na tano, akaja kununua nazo chumvi. Nilimpa chumvi. Ningesema nini?

Hamsini zako ndizo ninazozitaka kuliko zote, kwa sababu stendini hazitakiwi lakini dukani kwangu zinafanya kazi: kuna vitu vya 150, vya 250, vya 350, na kila mara ninazungusha bei juu au chini kwa kukosa hamsini. Lete zile 742 zote. Mia mia nazo lete, lakini usilete zote siku moja, kwa sababu mtaji wangu wa noti ndio huohuo ninaolipia wateja wanaokuja kutoa fedha kwenye simu. Nikikupa laki mbili za noti kwa mkupuo, jioni nitakuwa na droo iliyojaa chuma na mteja anayetaka kutoa laki atakwenda kwa jirani. Elfu ishirini kwa siku, jioni baada ya saa kumi na mbili, tunahesabu juu ya meza, sawa kwa sawa kama alivyosema mwalimu.

Ukipenda, badala ya noti ninaweza kukuwekea kwenye simu. Kuweka hukatwi, unakatwa unapotoa. Kwa hiyo kama muuza friji anapokea malipo kwa simu, muulize kwanza, usije ukaweka kisha ukatoa na ukajikuta makato yamekula ile hela uliyoikimbiza stendini.

Binti wa Mpwapwa

Ninaongeza dogo tu. Anayekwenda stendini alfajiri na mifuko ya fedha aende na mtu. Na mifuko ya nailoni nyembamba inapasuka. Sisi kwenye kikundi chetu tunatumia soksi kuukuu, moja ndani ya nyingine, na haijawahi kutuangusha.

Mama Barafu

Wakuu wangu, nimerudi baada ya siku nane kutoa taarifa, kwa sababu si vizuri kuuliza njia na kutosema kama ulifika.

Nilianza na stendi. Nilikwenda na binti yangu kwa alfajiri nne, kila mmoja na mkoba wake wa soksi (asante, Binti wa Mpwapwa), na tulibadilisha sarafu 800 za mia mbili na 1,000 za mia, jumla 260,000. Nilizibadilisha sawa kwa sawa. Konda Mstaafu atasema nimewadekeza, lakini nilipomwambia konda wa kwanza kwamba sihitaji nyongeza alinitazama kana kwamba nimetoka sayari nyingine, kisha akawaita wenzake watatu, na siku ya pili walikuwa wananisubiri mlangoni mwa stendi wakiwa na noti mkononi. Siku ya tatu mmoja alikataa kata kata kunitoza nauli ya kurudi Nkuhungu. Mwalimu atatuambia kama hilo nalo ni ziada. Yule kijana wa 550,000 alikuwepo, alituona, akageuka upande wa pili na kuanza kuhesabu kopo lake.

Hamsini zote 742 zimekwenda dukani, si kwa Mangi aliyeandika hapa bali kwa mwenye duka wa mtaani kwangu, ambaye nimenunua kwake sukari kwa miaka mitano na sikuwahi hata siku moja kumuuliza kama anahitaji chenji. Alichukua na mia mia 400 kwa siku nne, jumla yake ikawa 77,100. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema, akasema alidhani fedha za watoto ninazipeleka benki.

Mia tano zote na mia mbili zilizobaki nilizifunga mia mia kama alivyoelekeza Keshia wa Zamani, nikaandika vikaratasi, nikaenda Jumatano asubuhi katika tawi lilelile. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Dada yule hakunikumbuka, au alijifanya hakunikumbuka, lakini alipoona vifuko alitabasamu. Kulitokea mkwamo mmoja: mia tano zilikuja 317 badala ya 318. Tulirudia mara mbili, mimi kijasho kinanitoka, na mzani wa dukani ulikuwa umeshanithibitishia kilo tatu. Mwishowe akakigeuza kifuko cha mwisho ndani nje, na ile moja ilikuwa imenasa kwenye pindo la chini. Nikaweka 227,000 kwenye akaunti, na ada sikutozwa.

Zimebaki mia mia 465, yaani 46,500, ambazo nilikuwa nimepanga kuzimaliza wiki hii. Nimeghairi. Jana wakati wa mapumziko ya saa nne, mtoto wa kwanza kufika kwenye meza yangu alitaka ubuyu wa mia moja, na alipofungua kiganja alikuwa ameshika noti ya shilingi 10,000 aliyotumwa nayo na mama yake.